Gunia la Mahindi na Sindano ya Dira

Mpima mashamba afikapo penye mpaka na kusimamisha dira yake juu ya miguu mitatu, sindano hutikisika kidogo, hugeuka, kisha hutulia ikielekea kaskazini. Na kama katika kuinama kwake kalamu ikimponyoka mfukoni, kalamu ile huanguka chini palepale. Mambo haya mawili hutokea mahali pamoja na kwa wakati mmoja, wala hapana mkono wa mtu unaoonekana kuivuta sindano au kalamu. Kwa hiyo si ajabu kwamba watu wengi, hata wengine waliokaa shuleni miaka mingi, hudhani kuwa ni nguvu moja tu: kwamba dunia ni sumaku kubwa, na kwa kuwa ni sumaku, ndiyo sababu huvuta vitu vyote vianguke juu yake.

Dhana hiyo si ya wajinga. Watu wenye akili nyingi wamewahi kuikaribia, na mmoja wao, ambaye alipewa Tuzo ya Nobel, aliipima kwa kipande kikubwa cha dhahabu safi. Walakini si kweli. Dunia ni sumaku, naam. Na dunia huvuta vitu, naam. Bali kazi hizi mbili zina asili mbalimbali, na ushahidi ulio wazi kupita wote umetoka katika sayari zilizo jirani.

Heri kuanza na uzito, maana huo kila mkulima anaujua mabegani mwake. Kila kitu kilicho na mwili, kiwe jiwe, maji, nyama au hewa, huvuta kila kitu kingine. Kadiri kitu kinavyokuwa na mwili mwingi zaidi ndani yake, ndivyo kinavyovuta zaidi. Na kadiri mtu anavyokuwa mbali na kitovu chake, ndivyo mvuto unavyopungua. Hayo tu ndiyo yanayohitajiwa. Uvutano haubagui. Sumaku hubagua: huvuta chuma na namna chache nyingine za madini, lakini ukiikaribisha kwenye ubao, shaba au kipande cha muhogo, haina habari navyo. Isaac Newton alitaja tofauti hiyohiyo katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1687, akasema kwamba uzito hulingana sikuzote na wingi wa kitu kinachovutwa, hali mvuto wa sumaku haulingani nao.

Sasa lichukuliwe gunia la mahindi la kilo 90, litundikwe katika mizani ya springi. Juu ya sayari ya Zuhura, ile ing'aayo sana magharibi baada ya jua kushuka au mashariki kabla ya kupambazuka, mizani ingeonyesha karibu kilo 81. Juu ya Mirihi, sayari nyekundu, ingeonyesha kilo 34 tu. Na juu ya Utaridi, sayari ndogo kuliko zote na iliyo karibu zaidi na jua, ingeonyesha kilo 34 vilevile. Mkulima asidhani kwamba mahindi yamepungua njiani. Punje ni zilezile, na uji wake ungewashibisha watoto walewale. Kilichopungua ni mvuto wa ardhi iliyo chini ya gunia. Tena mchuuzi mwerevu asifanye shauri la kwenda kununua Mirihi na kuuza Mombasa, kwa maana mizani ya mikono miwili, yenye mawe ya kupimia upande mmoja, ingeonyesha kilo 90 kila mahali. Mawe yale nayo yangepungukiwa na uzito sawasawa na mahindi.

Hata hapa duniani mvuto haulingani kabisa. Kwa kuwa dunia inazunguka na imevimba kidogo kiunoni, gunia lionyeshalo kilo 90 kwa mizani ya springi katika ncha ya kaskazini lingeonyesha pungufu ya karibu nusu kilo Mombasa.

Msomaji na azishike zile hesabu mbili za mwisho, kilo 34 za Mirihi na kilo 34 za Utaridi, maana zitahitajiwa baadaye. Mirihi ina upana wa kilometa 6,779 kutoka upande hata upande, na Utaridi kilometa 4,879. Sayari hizi hazilingani kwa ukubwa hata kidogo. Zinalingana kwa mvuto kwa sababu Utaridi imejaa chuma. Tena aliyesimama juu yake yu karibu zaidi na kitovu.

Habari za sumaku ni ndefu zaidi. Mwaka 1600 tabibu mmoja wa Uingereza jina lake William Gilbert alipiga chapa kitabu kwa lugha ya Kilatini, ambamo alieleza majaribio aliyoyafanya kwa mpira uliochongwa kutoka jiwe la sumaku. Aliweka sindano ndogo juu ya mpira ule, akaisogeza mahali mahali, akaona inageuka na kuinama kama zinavyofanya sindano za mabaharia katika bahari mbalimbali. Ndipo akakata shauri kwamba dunia yenyewe ni sumaku. Kuinama huko mtu aweza kukuona hata Kenya. Sindano iliyoachwa huru kabisa, iweze kugeuka na kuinama pia, hailali sawa hapa. Ncha yake ya kusini huelekea chini, kwa sababu ule mstari ambao juu yake sindano hulala sawasawa haupiti katika Kenya, bali hupita kaskazini yake, katika nchi ya Ethiopia. Ikweta ya ramani na ikweta ya sumaku ni mbili, na huko peke yake kungetosha kumtia mtu shaka kama uzito na sumaku ni kitu kimoja.

Johannes Kepler, aliyegundua kanuni za mwendo wa sayari, alisoma maneno ya Gilbert, akadhani kwamba nguvu itokayo katika jua na kuzisukuma sayari katika njia zake ni ya namna ya sumaku. Alikosea, lakini kosa lake lilikuwa kosa la mtu anayetafuta.

Gilbert alidhani kwamba ndani ya dunia mna jiwe kubwa la sumaku. Hilo nalo haliwezekani, na shahidi ni mhunzi yeyote. Sumaku ikitiwa katika moto wa kiriba mpaka iwe nyekundu sana, nguvu yake hutoweka. Chuma hupoteza usumaku wake joto likifika digrii 770 za sentigredi. Katika kiini cha dunia joto ni kama digrii 5,000. Hapawezi kuwa na sumaku ya namna ile tuijuayo mahali pa moto kama huo. Tena, kwa kusikiliza mitetemeko ya ardhi inavyopita chini, wataalamu wametambua kwamba sehemu ya nje ya kiini ni chuma kilichoyeyuka, na mwaka 1936 mwanamke wa Denmark, Inge Lehmann, akaonyesha kwamba katikati ya chuma hicho mna kitu kingine tofauti, ambacho sasa chajulikana kuwa ni kigumu. Basi kama si jiwe la sumaku, sumaku ya dunia yatoka wapi?

DHAHABU YA MANCHESTER

Mwaka 1947 Patrick Blackett, mwalimu mkuu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Manchester, alileta jibu la ajabu. Alisema yamkini kila kitu kikubwa kinachozunguka huwa ni sumaku kwa tabia yake tu, bila kuhitaji chuma wala umeme, kama vile kila kitu huvuta kingine kwa tabia yake tu. Akatunga hesabu ambayo ndani yake namba ya uvutano na namba ya sumaku zilifungwa pamoja. Alikuwa na mashahidi watatu: dunia, jua, na nyota moja ya mbali ambayo usumaku wake ulikuwa umepimwa karibuni. Wote watatu walikubaliana na hesabu yake. Mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Nobel, ingawa ni kwa kazi nyingine, na watu wengi walitumaini kwamba undugu wa nguvu hizi mbili ungethibitishwa hivi karibuni.

Blackett hakungoja wengine wampime. Alifikiri hivi: kama kanuni ni kweli, basi kitu chochote kizito kilichowekwa mezani lazima kiwe sumaku dhaifu, kwa maana kinazunguka pamoja na dunia mchana na usiku. Akaazima dhahabu kutoka Benki Kuu ya Uingereza, ikafanywa mche wa duara wenye upana wa sentimeta 10 na kimo cha sentimeta 10, uzito wake kilo 15.2. Dhahabu ilichaguliwa kwa sababu ni nzito sana na yenyewe si sumaku. Chombo cha kupimia alikitengeneza yeye mwenyewe, chepesi cha kutambua kuliko vyote vilivyokuwako, akakiweka katika kibanda kondeni Jodrell Bank, mbali na kelele za magari na umeme wa mjini. Wakati huohuo watu wake wengine, Keith Runcorn akiwa mmoja wao, waliteremka na vyombo katika migodi ya makaa ya mawe, kuona kama usumaku wa dunia hubadilika chini kama hesabu ile ilivyotaka.

Majibu yalikuwa yaleyale kwa juu na kwa chini. Dhahabu haikuonyesha usumaku wowote. Vipimo vya migodini navyo vilionyesha kwamba sumaku ya dunia hutoka mbali chini, katika kiini. Mwaka 1952 Blackett aliandika habari hizo zote, akasema waziwazi katika kichwa cha maandishi yake kwamba jaribio halikufaulu. Si wengi ambao wangeazima dhahabu ya taifa ili wajithibitishie makosa yao wenyewe. Baadaye ilitambulikana pia kwamba kipimo cha sumaku ya jua alichokuwa amekitegemea kilikuwa kikubwa kupita kiasi. Walakini chombo chake hakikupotea bure. Kiligeuzwa kupima usumaku hafifu uliomo katika mawe ya zamani, na kwa njia hiyo kikasaidia kuonyesha kwamba mabara ya dunia husafiri.

Jibu lililosimama ni lile ambalo Joseph Larmor alikuwa amelidokeza tangu mwaka 1919, nalo laweza kufahamiwa na karani yeyote arudiye nyumbani usiku kwa baiskeli. Dinamo ya taa husuguana na mpira wa gurudumu. Ndani yake sumaku ndogo huzunguka karibu na nyaya, na kwa mzunguko huo umeme huzaliwa katika nyaya na taa huwaka. Kinyume chake ni kweli pia: umeme upitao katika waya huifanya ile waya kuwa sumaku. Basi katika kiini cha dunia chuma kilichoyeyuka huenda na kurudi, hupanda na kushuka. Kikipita mahali penye usumaku kidogo, umeme huzaliwa ndani yake. Umeme ule huzaa usumaku zaidi. Na usumaku huo huzaa umeme tena. Ni dinamo isiyo na nyaya, inayojilisha yenyewe mradi chuma kisisimame.

Na ni nini kinachokizuia kisisimame? Ni joto linalotoka. Maharagwe yakichemka katika sufuria, maji ya chini yaliyopata moto hupanda, na yale ya juu yaliyopoa hushuka, na punje huzunguka juu chini bila kukorogwa na mtu. Lakini sufuria hiyohiyo ikiepuliwa na kufunikwa vizuri, ikazungushiwa magunia pande zote, maji yote huwa na joto moja, na mwendo hukoma ijapokuwa sufuria ingali moto sana. Kwa hiyo haitoshi sayari kuwa na moto ndani. Lazima moto huo upate njia ya kutoka. Mzunguko wa sayari nao huzipanga zile njia za chuma zisivurugane ovyo. Hapo uvutano una sehemu yake, maana ndio unaokivuta chini chuma kilichopoa na kuwa kizito. Ni mtumishi katika kiwanda cha sumaku, lakini si mwenye kiwanda.

YAI BICHI NA YAI LILILOCHEMSHWA

Vyombo vilipoanza kurushwa kwenda kwenye sayari, maneno haya yote yaliweza kupimwa. Zuhura ilikuwa ya kwanza. Chombo cha Marekani kiitwacho Mariner 2 kiliipita tarehe 14 Desemba 1962, na hakikuona dalili ya sumaku. Vyombo vya baadaye vilikaribia zaidi, jibu likawa lilelile. Hii ndiyo sayari ambayo karibu ni pacha wa dunia: upana wake ni kilometa 12,104, na dunia ni kilometa 12,742, mvuto wake ni sehemu tisa katika kumi za mvuto wa dunia. Kama uzito na sumaku vingekuwa kitu kimoja, dira ingefanya kazi Zuhura karibu sawa na Nairobi. Haifanyi kazi hata kidogo.

Wengi walisema ni kwa sababu Zuhura huzunguka polepole mno, mara moja katika siku 243. Neno hilo lilionekana kuwa zuri mpaka tarehe 29 Machi 1974, chombo kingine, Mariner 10, kilipopita karibu na Utaridi. Utaridi nayo huzunguka polepole, mara moja katika siku 59. Tena ni ndogo sana, na kitu kidogo hupoa upesi, kama kijiko cha uji kipoavyo kabla ya bakuli. Kwa hiyo wataalamu wengi waliamini kwamba kiini chake kimekwisha kuganda zamani za kale. Lakini chombo kilikuta sumaku. Ilikuwa hafifu, kama sehemu moja katika mia ya ile ya dunia, walakini ilikuwako, na ziara ya tatu mwezi wa Machi 1975 ilithibitisha kwamba ni ya sayari yenyewe. Blackett alifariki Julai 1974, miezi michache tu baada ya habari ile kufika.

Kujua kama kiini cha Utaridi kimeganda au la kulihitaji werevu wa namna nyingine, nao ni ule ambao mama yeyote jikoni anaufahamu. Yai lililochemshwa likizungushwa mezani huzunguka vizuri. Yai bichi huyumbayumba, kwa sababu ganda huzunguka na ute uliomo ndani hubaki nyuma. Jean-Luc Margot na wenzake walipeleka mawimbi ya redio hadi Utaridi, wakayapokea yakirudi, na kwa miaka mingi wakapima jinsi sayari ile inavyotikisika kidogo katika mzunguko wake. Mwaka 2007 walitangaza kwamba ganda la Utaridi halikushikamana na kiini chake. Yai lile ni bichi. Inadhaniwa kwamba chuma chake kimechanganyika na kitu kama kiberiti-upele, kinachokizuia kuganda upesi, kama chumvi inavyozuia maji yasigeuke barafu. Kiini hicho ni kikubwa ajabu, karibu sehemu 85 katika mia za njia yote kutoka kitovuni hata juu. Sayari hii ni mpira wa chuma uliopakwa udongo. Chombo kilichoitwa MESSENGER, kilichoizunguka Utaridi kutoka Machi 2011 mpaka kilipoanguka juu yake tarehe 30 Aprili 2015, kiliona hata kwamba sumaku yake haikukaa katikati, bali imesogea upande wa kaskazini kwa kadiri ya kilometa 480. Sababu yake bado inabishaniwa.

Basi kosa la Zuhura si mwendo wa polepole peke yake. Yaelekea ni ile sufuria iliyofunikwa. Ardhi ya dunia imepasuka vipande vikubwa vinavyosukumana na kuzama, na kwa njia hiyo joto la ndani hutoka. Bonde la Ufa ni moja la mahali ambapo kazi hiyo inaonekana kwa macho. Zuhura haina mabamba ya namna hiyo. Joto lake limefungiwa ndani, na chuma chake, ijapokuwa yamkini kimeyeyuka, hakichemki vya kutosha.

Sasa zirudiwe zile kilo 34. Utaridi na Mirihi zina mvuto mmoja. Utaridi huzunguka polepole na ina sumaku. Mirihi huzunguka kwa muda wa saa 24 na dakika 37, karibu sawa kabisa na dunia, na haina. Hapana hesabu ya uzito wala ya mzunguko inayoweza kuyapatanisha mambo hayo. Jambo moja tu lapatanisha: ndani ya Utaridi chuma bado kinachemka, ndani ya Mirihi kimetulia.

MAGUNIA MANNE KWA SAA

Mirihi ilikuwa na sumaku zamani. Chombo cha Mars Global Surveyor, kilichofika huko Septemba 1997, kiliona kwamba mawe ya nyanda za juu za kusini yana usumaku mkali uliogandia ndani yake tangu yalipopoa. Lakini katika mabonde makubwa ya Hellas na Argyre, yaliyochimbwa na vimondo vilivyoanguka na kuyeyusha mawe, karibu hamna usumaku. Mawe yale yalipopoa tena hapakuwa na sumaku ya kuyatia alama. Kwa hiyo yasemekana dinamo ya Mirihi ilizimika yapata miaka milioni elfu nne iliyopita, ingawa wengine wanaona kwamba ilidumu baada ya hapo kidogo. Chombo cha InSight, kilichotua mwaka 2018 na kunyamaza Desemba 2022, kilisikiliza mitetemeko ya Mirihi, kikaonyesha kwamba mna chuma kilichoyeyuka ndani ya kiini hata leo. Moto haujaisha, ni mwendo ulioisha.

Hapa ndipo jambo hili linapoacha kuwa fumbo la wataalamu tu, maana linahusu hewa na maji. Juu ya Mirihi zaonekana nyayo za mito iliyokauka na maziwa yaliyokauka. Zamani ilikuwako hewa nzito ya kutosha kuyashika maji yasitoweke. Sasa hewa yake haifiki sehemu moja katika mia ya hewa ya dunia. Kutoka katika jua huvuma sikuzote upepo wa vipande vidogo sana vyenye umeme. Sumaku ya dunia huupinda upepo huo upite kando. Mirihi haina kinga hiyo, na chombo cha MAVEN, kilichofika Septemba 2014, kilipima kwamba upepo wa jua unainyang'anya kadiri ya gramu 100 za hewa kila sekunde. Gramu 100 ni kitu kidogo, ni konzi mbili za mahindi. Lakini kwa saa moja ni kilo 360, yaani magunia manne, na gari hilo la magunia halilali usiku wala halijui siku ya mapumziko. Jua likichafuka mzigo huongezeka, na zamani jua lilipokuwa changa lilichafuka mara nyingi zaidi.

Kwa sababu hiyo imekuwa desturi kusema kwamba Mirihi ilikufa kwa kupoteza sumaku yake, na kwamba sumaku ndiyo inayoshika hewa ya sayari. Maneno haya yamekaza mno. Zuhura haina sumaku, nayo ina hewa inayogandamiza mara 90 kuliko hewa ya dunia, yenye joto la kuyeyusha risasi. Kinachoshika hewa hasa ni uvutano. Kitu kinachotaka kuiacha dunia lazima kiende kasi ya kilometa 11 kila sekunde. Kuiacha Zuhura, kilometa 10. Bali kuiacha Mirihi, kilometa 5 tu. Mirihi ilikuwa na mkono dhaifu tangu mwanzo, na kinga ilipoondolewa mkono ule haukuweza kushindana. Hata Zuhura haikuokoka bila hasara: imeshika hewa yake nzito, lakini imepoteza maji yake karibu yote, maana hidrojeni iliyomo ndani ya maji ni nyepesi kupita vyote na huponyoka kwanza. Na dunia yenyewe, pamoja na sumaku yake, huvuja kidogo penye ncha zake. Ni kiasi gani sumaku inalinda, na ni kiasi gani uvutano, ni hesabu ambayo bado haijafungwa, na afadhali iachwe wazi kuliko kufungwa kwa haraka.

MAWE YA OLDUVAI

Sumaku ya dunia nayo haikutulia. Katika miaka 200 iliyopita imepungua nguvu kwa kadiri ya sehemu tisa katika mia. Tena imewahi kupinduka kabisa, kaskazini ikawa kusini, mara nyingi sana, na ya mwisho ilikuwa yapata miaka 780,000 iliyopita. Ushahidi mmoja wenye sifa duniani kote umetoka Afrika ya Mashariki. Katika Korongo la Olduvai, nchini Tanzania, mna mawe ya volkeno yaliyomwagika yakiwa moto, na yalipopoa yalishika mwelekeo wa sumaku ya siku zile. Wapimaji walioyachunguza katika miaka ya 1960 walikuta mwelekeo kama wa leo, hali mawe ya kwingineko ya miaka ya kabla yake na ya baada yake yalielekea kinyume. Kipindi hicho, tangu miaka kama 1,950,000 hadi 1,780,000 iliyopita, huitwa kwa jina la Olduvai katika vitabu vyote vya elimu hii.

Korongo ni lilelile ambamo Mary Leakey aliona fuvu la Zinjanthropus tarehe 17 Julai 1959. Kiumbe yule aliishi katikati ya kipindi hicho. Kama angepewa dira, ingemwelekeza kaskazini. Waliomtangulia kwa miaka laki mbili, na waliokuja nyuma yake kwa miaka laki mbili, dira hiyohiyo ingewaelekeza kusini. Lakini mawe waliyoyabeba wote, wa kabla yake na wa baada yake, yalikuwa na uzito uleule yalio nao leo, na yalipowaponyoka mikononi yaliwaangukia miguuni vilevile.